Mwalimu Hustaafu Akiwa na Miaka 60, Mbunge Je?

Nimelijadili jambo hili na wenzangu mara nyingi, hapa Mtwara na hata ninapokwenda kwa ndugu zangu Lindi, na msimamo wangu haujabadilika: Katiba yetu inapaswa kutaja umri ambao mtu akishaufikia hawezi tena kuteuliwa kugombea ubunge wala urais. Umri ninaoupendekeza ni miaka 70, uhesabiwe siku ya uteuzi wa wagombea, ili pasiwepo mtu wa kuondolewa kitini katikati ya kipindi alichopewa na wananchi.

Hoja yangu ya kwanza ni ya haki. Mtumishi wa umma katika nchi hii anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akitimiza 60 hana hiari tena. Maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa wameongezewa hadi 65. Jaji wa Mahakama Kuu, kwa mujibu wa Katiba, hustaafu akiwa na miaka 60 na Jaji wa Mahakama ya Rufani akiwa na 65, ingawa Rais ameachiwa nafasi ya kumwongezea muda akiona maslahi ya umma yanahitaji hivyo. Muuguzi wa zahanati, bwana shamba, dereva wa halmashauri na mkuu wa shule wote wana tarehe yao inayojulikana. Wanaopitisha sheria hizo bungeni hawana. Kikokotoo cha mafao, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kilipobadilishwa mwaka 2022 na malipo ya mkupuo anayopewa mtu mara moja akistaafu yakawa asilimia 33, watumishi waliokuwa wametarajia asilimia 50 waliumia, na nyongeza ya mwaka 2024 iliyowafikisha asilimia 40 haikulimaliza jeraha hilo. Lakini wabunge waliokuwa wakilijadili suala hilo hupokea kiinua mgongo chao kila Bunge linapomaliza miaka yake mitano, kisha wako huru kuchukua fomu tena.

Niliwahi kuhudhuria hafla ya kumuaga mwalimu wa hisabati katika shule moja ya msingi upande wa Newala. Alikuwa na afya njema. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amefundisha darasa la saba, na vumbi la chaki lilikuwa bado kwenye mkono wa koti lake alipoketi meza kuu. Wenzake walimpa godoro, mabati na saa ya ukutani. Mgeni rasmi alikuwa mwanasiasa aliyemzidi umri kwa miaka isiyopungua kumi, naye alisimama akamsifu, kisha akamwambia kwamba sasa ni wakati wa kupumzika na kuwaachia vijana. Tulipiga makofi kwa heshima ya mwalimu wetu. Miezi kadhaa baadaye shule ile ilikuwa bado haijapata mwalimu mwingine wa somo hilo, na mstaafu alikuwa akija kufundisha bila malipo, wakati mgeni rasmi wake akijiandaa kugombea kwa mara nyingine. Kama kinachoangaliwa ni nguvu za mtu, mwalimu yule angebaki kazini. Kama kinachoangaliwa ni nafasi kwa vijana, mwanasiasa naye angeondoka. Sijaona kigezo kinachomtoa mmoja na kumbakiza mwingine, isipokuwa kwamba mmoja wao ndiye anayeshiriki kutunga sheria.

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba mwanasiasa ana mwajiri wake, ambaye ni mpiga kura, na mpiga kura akimchoka atamwondoa. Naliheshimu jibu hili, lakini halisimami mbele ya Katiba yenyewe. Ibara ya 39 inasema Rais awe ametimiza miaka 40, na Ibara ya 67 inasema mbunge awe ametimiza miaka 21. Kijana wa miaka 38, hata apendwe kuanzia Mtambaswala hadi Kilwa, haruhusiwi kuwania urais, na wapiga kura wake hawaulizwi. Kwa hiyo tulishakubali zamani kwamba umri unaweza kuwekewa mpaka bila kumdhulumu mpiga kura. Tumeuweka mpaka huo upande wa chini peke yake. Isitoshe, sheria zetu zinamtaka mgombea adhaminiwe na chama, na mgombea binafsi hana nafasi. Majina yanayomfikia mwananchi wa Tandahimba siku ya kupiga kura yameshachujwa katika kura za maoni za ndani ya chama na katika vikao vyake vya juu, ambako aliyeshika kiti kwa miaka mingi anajulikana kwa wajumbe, ana gari, ana fedha za kuzunguka na ana deni la fadhila kwa kila kata. Kijana anayetia nia kwa mara ya kwanza huambiwa asubiri zamu yake, na zamu hiyo haina tarehe.

Hoja ya pili inatugusa sisi wa kusini kwa namna ya pekee. Bomba la gesi linaloanzia Madimba kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, na mradi mkubwa wa kuchakata gesi asilia uliopangwa kujengwa Likong'o, Lindi, umezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Mikataba ya aina hii hudumu kwa miongo. Anayeijadili leo anaamua mapato, ardhi na ajira za watu ambao sasa wako shule ya msingi, na nadhani ni busara kwamba wengi wa wanaopiga kura hiyo bungeni wawe watu watakaokuwapo, wakiwa na akili zao timamu, siku matokeo yake yatakapohojiwa. Sisemi kwamba mzee hajali wajukuu wake. Ninasema kwamba kuwajibika kunahitaji mtu anayeweza kuitwa tena na kuulizwa.

Wazee wangu wataniambia kwamba penye wazee haliharibiki neno, nami nakubaliana nao kabisa, kwa sababu mifano bora tuliyonayo ni ya wazee waliokwisha kuachia madaraka. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, aliondoka Ikulu mwaka 2005 akiwa na miaka 67. Miaka mitatu baadaye alikuwa Nairobi pamoja na Kofi Annan na Graça Machel wakiwasuluhisha Wakenya, na baada ya hapo akabeba usuluhishi wa Burundi. Jaji Joseph Warioba alikuwa amevuka miaka 70 alipoongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba kuanzia mwaka 2012, na kazi aliyoifanya imebaki katika mijadala yetu hadi leo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji jimbo ili hekima yake itufae.

Wapo wanaotaka ukomo uwe miaka 60 ili wanasiasa walingane na watumishi. Hapo siwaungi mkono. Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 2021 akiwa na miaka 61, na kwa kipimo hicho asingeweza kuwa mgombea tena baada ya hapo. Siasa ni kazi ambayo watu wengi huiingia baada ya kufanya kazi nyingine, na mwalimu au daktari aliyestaafu akiwa na miaka 60 anastahili kupata walau kipindi kimoja au viwili vya kutumia uzoefu wake. Ndiyo maana nasema 70.

Wazo hili si geni barani Afrika. Katiba ya Benin ya mwaka 1990 ilimtaka mgombea urais awe na umri wa kati ya miaka 40 na 70, na mwaka 2006 mpaka huo uliwagusa wanasiasa wawili wakubwa wa nchi hiyo, Mathieu Kérékou na Nicéphore Soglo. Wote wawili walikaa pembeni na nchi ikampata rais mpya kwa kura. Waumini wa Kanisa Katoliki wa majimbo ya Mtwara na Lindi nao wanajua kwamba askofu akitimiza miaka 75 hutakiwa kuwasilisha kwa Papa barua ya kuomba kujiuzulu. Uganda walikuwa na mpaka wa miaka 75 kwa Rais, na Desemba 2017 Bunge lao likaufuta, ukiwa umekaribia kumfikia Rais Museveni. Kutokana na mfano huo nimeshawishika kwamba mpaka wetu, ukiwekwa, usiweze kubadilishwa na wabunge peke yao bila kura ya maoni ya wananchi wote.

Nina sababu ya kuwa na wasiwasi huo. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza mbunge asikae zaidi ya vipindi vitatu vya miaka mitano, na wapiga kura wapewe haki ya kumwondoa kabla ya muda wake. Bunge Maalum la mwaka 2014, lililoijadili rasimu hiyo na ambalo sehemu kubwa ya wajumbe wake walikuwa wabunge, liliyaondoa yote mawili. Wapo wanaojiondoa kwa hiari: Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa tangu mwaka 2010 na Waziri Mkuu kwa miaka kumi, alitangaza mwaka 2025 kwamba hagombei tena, naye alikuwa na miaka 64. Nilifurahi sana kulisikia hilo. Lakini nchi haiwezi kupanga kurithishana uongozi kwa kutegemea uungwana wa mtu mmoja mmoja.

Kuna wanaopendekeza vipimo vya afya badala ya umri. Nauliza tu: ni daktari gani, aliyeajiriwa na serikali, atakayeandika kwamba waziri wake amechoka? Tarehe ya kuzaliwa haimwogopi mtu. Najua kwamba huku kwetu wazee wengi walizaliwa bila cheti, na umri wao ulikisiwa kwa kukumbuka njaa, vita au mwaka waliotoka jando, kisha ukaandikwa katika hati ya kiapo. Tatizo hilo lina dawa: mwanasiasa ashikwe na tarehe aliyoijaza yeye mwenyewe katika fomu ya uteuzi ya kwanza kabisa aliyowahi kuisaini, na asiruhusiwe kuirekebisha baadaye.

Sheria hiyo ningependa ianze kutumika katika uchaguzi wa mwaka 2030, ili kila atakayeguswa ajiandae mapema, na iishie kwa Rais na wabunge. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji nisingewagusa, kwa sababu kule mgombea na mpiga kura huonana kila siku kisimani na msibani, kiti chenyewe hakina mshahara wa kung'ang'aniwa, na kijiji kikiona mzee wao wa miaka 75 bado anawafaa, wanalijua hilo kuliko sheria yoyote itakayoandikwa Dodoma.