Genova kwa miguu, na meli sikuikosa

Nafanya kazi ya kusafisha vyumba kwenye meli ya kitalii, na kila tulipokaribia Genova, Italia, nilisikia maneno yale yale: pale ni bandari tu, mwenye pesa apande basi la Portofino, kijiji cha kitalii pwani ya jirani, asiye nazo akae karibu na geti apate waifai. Kaka mmoja wa Tanga, mtu mzima aliyezeekea baharini, alinionya kwa nia njema: "Dada, usiingie vichochoroni. Utapotea, na meli haingoji mtu." Nikamwitikia kwa heshima, nikachukua kitambulisho changu, nikashuka.

Ushauri ule unaniudhi mpaka leo, kwa sababu mji wenyewe unaanzia mlangoni pa bandari. Ukitoka Stazione Marittima, jengo la abiria wa meli, mwendo mfupi tu uko mtaa wa Via Prè, na hapo umeshaingia mji wa kale. Vichochoro vyao, caruggi, ni vyembamba hasa; ghorofa zimesogeleana juu hadi jua halifiki chini, nguo zimeanikwa dirishani. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa. Kwetu mtoto akipotea hufuata mteremko mpaka asikie harufu ya bahari. Genova nayo imejengwa ubavuni mwa milima, na vichochoro vingi vinashuka kuelekea bandarini. Basi nikapinda huku na huku makusudi, mpaka sikujua kaskazini wala kusini, kisha nikaanza kuteremka. Nikatokea Sottoripa, ile baraza ndefu ya matao ya zama za kati inayotazamana na bandari. Nikaingia tena kwa njia nyingine, nikapotea vizuri zaidi, nikateremka: Sottoripa hiyo hiyo! Simu ilibaki mfukoni. Katikati ya kuta zile ramani yake hurukaruka, na anayeitegemea ndiye anayepotea.

Nilikuwa na hamu ya farinata, chapati ya tanuri ya watu wa huko. Duka la kwanza, mwenyewe akanionyesha tanuri kwa mkono: bado. Nikanunua kipande cha focaccia, mkate wao bapa, cha kushikiza tumbo, nikazunguka, nikarudi. Sinia kubwa la shaba, pana kuliko mikono yangu, likatoka kwenye moto wa kuni. Ni unga wa dengu, ule ule wa bajia, na maji, chumvi na mafuta ya zeituni, basi. Juu imekauka rangi ya dhahabu, ndani laini. Haina nyama, kwa hiyo nilikula bila wasiwasi, nimesimama, kwa euro tatu nne hivi. Uende na sarafu.

Kanisa kuu la San Lorenzo, lenye kuta za mistari myeusi na myeupe, usilipite. Ndani kuna kombora la meli ya vita ya Uingereza, la tarehe 9 Februari 1941, siku mji ulipopigwa kutoka baharini. Lilitoboa likaingia, halikulipuka. Nilisimama mbele yake muda mrefu, nikiwafikiria watu waliokuwa mle ndani. Funika mabega.

Via Garibaldi ni barabara fupi ya majumba ya matajiri wa zamani. Kuanzia 1576 majumba ya namna hiyo yaliorodheshwa ili kupokea wageni wa serikali, na 2006 UNESCO ikayaingiza 42 kati yake kwenye urithi wa dunia. Milango ya nyua mara nyingi iko wazi, chungulia.

Hapo karibu, Portello, kuna njia ya chini kwa chini inayokufikisha kwenye lifti ya Castelletto, mtaa ulio juu kilimani. Watu wa mji huipanda kwenda makwao. Ukifika juu unaona mapaa ya mawe ya kijivu, mnara wa taa wa Lanterna, na meli yako. Nilihesabu muda kutoka pale: nikiiona meli, najua ni mteremko mtupu mpaka ghatini. Nilifika kabla ya abiria wengi wa mabasi, nimepumzika, zamu yangu ya jioni bado.

Kaka wa Tanga nilimletea kipande cha farinata kwenye karatasi. Tukitia nanga tena tunakwenda sote Galata, jumba la makumbusho ya bahari, ambako nyambizi Nazario Sauro imefungwa nje majini na watu wanaruhusiwa kuingia.