Swali la Draupadi ambalo wazee walilikwepa

Watu wengi wakisikia Mahabharata, utenzi wa kale wa India, wanawaza vita tu, zile siku 18 za Kurukshetra, mishale, magari ya farasi, Krishna akimpa Arjuna mawaidha. Sawa, vita ipo. Ila mi naamini roho ya utenzi huu iko kitabu cha pili kati ya vile 18, ndani ya baraza la mfalme ambamo hata mshale mmoja haujarushwa.

Yudhishthira, mkubwa wa ndugu watano Wapandava, mfalme anayesifika kwa haki, amekaa kucheza kamari ya dadu na Shakuni, mjomba wa Duryodhana, yule binamu na hasimu wao, analiwa mali, analiwa ufalme, anaweka ndugu zake wanne mmoja mmoja nao wanaenda, anajiweka mwenyewe anakwenda, halafu akiwa ameshakuwa mtumwa anamweka Draupadi, mke wao wote watano. Anatumwa mjumbe kumleta, na Draupadi anamrudisha na swali: kamuulize huyo mcheza kamari, alianza kujipoteza yeye au mimi? Yaani hebu fikiria, mwanamke ndo kwanza ameambiwa ni mtumwa, na kichwa chake kinauliza swali la kisheria, kwamba asiyejimiliki anapata wapi haki ya kumweka mwenzake? Mume kimya. Dushasana, mdogo wake Duryodhana, akaenda kumburuta kwa nywele, yuko kwenye hedhi, amejifunga nguo moja, na mbele ya wanaume wote wale akauliza tena lile lile.

Sasa waangalie wazee. Bhishma, babu wa ukoo mzima, anasema dharma, yaani haki na wajibu, ni ngumu kuipambanua, asiye na kitu hawezi kuweka cha mwenzake, lakini mke naye yuko chini ya mumewe, basi hana jibu. Vidura, mshauri wa mfalme, alikuwa nalo na alilisema, hakuna aliyemsikiliza. Aliyesimama kumtetea ni Vikarna, mdogo wake Duryodhana mwenyewe, na Karna, rafiki wa Duryodhana, akamkalisha kwa kumwambia bado ni mtoto.

Hapa ndo naona utenzi unatusema sisi wa leo, maana kila mahali penye kikao na bosi kuna Bhishma wake, mtu mwenye elimu na heshima, anajua kabisa kinachofanyika ni dhulma, na anajificha kwenye ugumu wa kanuni. Na utenzi haukumwachia hivi hivi. Kabla vita haijaanza Yudhishthira anakwenda kumwomba baraka, na mzee anakiri kwamba binadamu ni mtumwa wa mali na yeye amefungwa na mali ya akina Kaurava, yaani Duryodhana na ndugu zake. Pale barazani alizungumzia dharma, mbele ya kifo akataja mali. Huo ukweli unaniuma kila nikiusoma.

Draupadi hakupewa jibu. Mbweha walilia, mfalme Dhritarashtra, baba yake Duryodhana, akaiona ishara mbaya akaingiwa na hofu akampa aombe anachotaka, akaomba waume zake waachiwe huru na silaha zao, alipoambiwa aongeze ombi la tatu akakataa. Lakini hawajafika hata nyumbani wakaitwa kucheza tena. Safari hii Bhishma, Drona mwalimu wao wa vita na wenzao wote walisema jamani basi, Gandhari, mke wa Dhritarashtra, akamsihi mumewe amkatae mwana wao Duryodhana, ila mfalme alikuwa ameshazoea kuwaona wamekaa kimya, dadu zikarushwa, na Wapandava wakaenda uhamishoni miaka 13.