Siku moja maishani mwangu: hita plagi nne na spana fupi

Saa 12 asubuhi. Kimara, foleni ya mabasi ya mwendokasi. Julai hii asubuhi za Dar zina kibaridi, na ndiyo miezi ninayopigiwa simu za dizeli kuukuu. Watu huuliza, "Fundi, hita plagi za nini na joto letu hili?" Injini ya Hilux iitwayo 3L (ni jina tu, si lita tatu) ina chumba kidogo cha awali juu ya silinda. Hewa ikishindiliwa, kuta baridi za chumba hicho hunyonya joto kabla dizeli haijashika moto. Hita plagi ndiyo inayopasha chumba hicho. Ikifa, alfajiri gari linatapika moshi mweupe, mchana linawaka kwa swichi moja.

Saa 2. Gereji, Manzese. Hilux ya mzee wa Tabata imelala hapa, na jana jioni nilizipulizia plagi mafuta ya kulegeza kutu. Nafungua kwanza bamba linaloziunganisha zote nne. Ukipima bamba likiwa juu yake, mita inasoma plagi nzima za jirani na unadanganyika. Mbili zimekufa. Tunabadilisha zote.

Saa 4. Mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. Plagi zenyewe nimezipata haraka kwa sababu nimekuja na ya zamani mkononi: injini hizi za Toyota zilitoka na plagi za volti tofauti, na ya volti 6 ukiiweka kwenye mfumo wa 12 inaungua. Muda wangu wote umekwenda kwenye vifaa. Muuzaji ananisukumia baa ndefu ya nusu inchi, yaani mpini wa kugeuzia soketi: "Kaka, hii hakuna nati inayokataa." Hiyo ndiyo siitaki. Mwezi uliopita nilikatia plagi ndani ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya gari la mteja kwa baa kama hiyo, hedi ikashushwa, kazi ya saa moja ikawa ya siku tatu. Plagi ni nyembamba na ina uwazi katikati. Kabla uzi haujaachia, shingo inakatika.

Nimechukua soketi ndefu namba 12 ya pembe sita, kwa kuwa ile ya pembe kumi na mbili inakula kona. Racheti ya robo inchi, mpini mfupi, ili mkono wangu usikie chuma kinaposema hapana. Na tochi renchi ndogo, spana inayopima nguvu ya kukaza. Ile kubwa tunayokazia nati za tairi inafanya kazi penye nyutoni mita 100 na zaidi. Plagi ya uzi wa milimita 10 inataka 12 hadi 18 tu. Nimelipia elfu 90, na sijutii hata shilingi.

Saa 8 mchana. Nimerudisha bamba, injini imewaka kwa shida, nikaiacha ipate moto ili plagi zilegee, kisha nikalitoa bamba tena. Dogo, msaidizi wangu, ameshika racheti. "Robo mzunguko, rudisha. Robo, rudisha." Ya kwanza imetoka, ya pili, ya nne. Ya tatu imesogea kidogo ikaganda. Dogo ananiangalia, anaangalia bomba la kuongezea mpini lililoegemea ukuta.

"Liache, dogo. Weka mafuta tena."

Saa 11 jioni. Bado haijatoka. Nimempigia mzee. "Shikamoo mzee, gari litalala tena."

"Marahaba mwanangu. Hedi nzima?"

"Nzima, mzee."

"Basi lilale."

Nimeongeza mafuta, nikafunga gereji.