Sarafina tuliyemjua kwa masikio

Wakimbizi wa Afrika Kusini walipofunga virago Mazimbu, Morogoro, mwaka 1992, wakakikabidhi kwa serikali yetu kile chuo chao chenye jina la Solomon Mahlangu, msichana mmoja aliyekuwa akinunua mboga kwa mama alituachia kaseti. Ilikuwa ya Sarafina!, mchezo wa kuigiza wa nyimbo kuhusu wanafunzi wa Soweto, mtaa wa Weusi wa Johannesburg, waliopinga ubaguzi wa rangi, tena ile ya jukwaani. Vijana walioimba ndani yake, mtunzi wa mchezo huo Mbongeni Ngema aliwaanzishia Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, na Januari 1988 wakawa wameshafika Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo kule New York, ukumbi wa Cort. Walidumu pale maonyesho 597.

Sisi hayo hatukuyajua. Tulichokuwa nacho ni sauti tu. Kaka alikuwa na redio kaseti, na betri zikichoka tulizianika juani. Kizulu tulikiimba tulivyokisikia, Mungu atusamehe. Kuna tarumbeta mle, muziki wa Hugh Masekela, zikiingia lazima mtu anyanyuke. Kilichonishangaza ni kwamba wimbo ukiisha hakuna anayepiga makofi, nikaona watu wa New York hawana adabu. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba kanda za Broadway kwa kawaida hurekodiwa studio, waigizaji wamesimama mbele ya maikrofoni, hakuna mtazamaji hata mmoja.

Basi siku moja kibanda cha video cha mtaani kikabandika tangazo: Sarafina!, filamu. Mimi na kaka tulikuwa wa kwanza kulipa kiingilio. Nyuma yetu walijaa wapenzi wa kareti, ambao nadhani walikuja kwa mazoea tu.

Mwanzoni sikuelewa kitu. Mwalimu alikuwa Whoopi Goldberg, ambaye sikumjua kabisa. Mama yake Sarafina alikuwa Miriam Makeba, na huyo kila nyumba ilimjua. Kibanda kizima kilimtaja jina. Soweto nayo ilikuwa kubwa mno, ina magari, moto, vumbi. Soweto yangu ya kwenye kaseti ilikuwa darasa moja lenye watoto wengi wanaoimba kwa pamoja.

Kisha yule msichana akafungua kinywa kuimba. Nikamtambua kabla hajamaliza mstari. Leleti Khumalo, yuleyule wa kwenye kanda, aliyewania tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya Broadway, kwa nafasi hiyohiyo. Nikajikuta naimba naye kwa sauti, tena namtangulia, kwa sababu kwenye filamu walikuwa wakipunguza mwendo mahali ambapo kaseti ilikimbia.

"Wewe binti, tulikulipia wewe au video?" mtu akafoka. Kaka akanifinya. Nikanyamaza kidogo, lakini ulipofika ule wimbo wa uhuru unakuja kesho, hata watu wa kareti walikuwa wanapiga miguu chini, na hakuna aliyenikataza tena.

Tulirudi nyumbani tukibishana. Kaka alisema filamu imeizidi kaseti mbali sana: umeona askari, umeona shule ikiungua, unataka nini zaidi? Mimi nikamwambia filamu imewagawa. Huyu anaimba, yule analia, kamera inamfuata mmoja. Kwenye kaseti wanaingia wote kwa mpigo, ishirini na zaidi, na husikii staa ni nani mpaka yeye mwenyewe ajitenge. Akanijibu kwamba nasema hivyo kwa kuwa nimezoea kubahatisha sura za watu. Labda. Kesho yake alinunua betri mpya, akaweka upande wa pili kwanza, ule anaoupenda yeye.