Mtambue Trauti Kabla ya Kumtia Kapuni

Mwaka wangu wa kwanza hapa Appalachia, mashariki mwa Marekani, nilivuka kijito kimoja kila asubuhi nikienda kazini wala sikukitupia jicho. Upana wake ni hatua tatu, na sehemu nyingi maji hayafiki magotini. Sikudhani kina samaki. Siku moja jirani yangu, mzee aliyestaafu, alinisimamisha darajani akaninyoshea kidole mahali kivuli cha jabali kinapolalia maji. Nilikodoa macho nisione kitu. Ghafla kipande cha kivuli kile kikajitenga na changarawe, kikapanda juu, kikadaka mdudu, kikazama tena. Alikuwa trauti, samaki wa maji baridi.

Nimevua katika vijito vidogo miaka sita sasa, na ndugu tunaoishi nao huku huniuliza watumie ndoana gani, chambo gani. Mimi huwaomba waanze na jambo jingine: wajifunze kumtambua samaki. Msimu wangu wa kwanza nilipata trauti wa sentimita 20 nikambeba, nikidhani ni mmoja wa wale wanaokuzwa kwenye mabwawa na kumwagwa mitoni kwa ajili ya wavuvi. Mzee alipomwona alinyamaza kitambo. Sheria ilikuwa upande wangu. Lakini samaki yule alikuwa wa asili, aliyezaliwa mle mle, na katika vijito hivi wachache tu hupita miaka mitatu au minne. Kwa kijito kile, huyo alikuwa mkubwa hasa. Iliniuma, na bado naliwaza.

Katika maji ya huku utakutana na aina tatu. Usianze na rangi ya mwili, kwa maana hiyo hubadilika kufuatana na maji, chakula na msimu. Anza na madoa. Ukiona madoa meupe-manjano juu ya mwili mweusi-kijani, huyo ni trauti wa vijito, mwenyeji wa mashariki mwa Amerika Kaskazini. Mgongoni ana michirizi iliyopindapinda kama njia za mchwa kwenye gome, ubavuni ana vidoa vyekundu vilivyozungushiwa buluu, na mapezi yake ya chini yana ukingo mweupe uliofuatwa na mstari mweusi. Ukingo ule utauona hata samaki akiwa bado majini. Ukweli ni kwamba ukoo wake ni tofauti kidogo na wa hao wengine wawili, ndiyo maana madoa yake yamekuwa kinyume cha yao.

Trauti wa kahawia ana madoa meusi juu ya mwili mwangavu, yamechanganyika na mekundu au ya rangi ya chungwa, na mkiani hana doa au anayo machache tu. Mayai yake yaliletwa kutoka Ujerumani mwaka 1883. Trauti wa upinde wa mvua ana vidoa vyeusi vingi vinavyoenea mpaka kwenye mkia wote, na mara nyingi utepe wa waridi ubavuni. Asili yake ni mito inayoelekea Pasifiki. Wale wadogo wa aina zote wana mabaka marefu ubavuni kama alama za vidole, kwa hiyo mabaka hayo yasikuamulie kitu. Nenda kwenye mkia na mapezi.

Mapezi yanasema mengine pia. Samaki aliyekulia kwenye bwawa la saruji mara nyingi mapezi yake yamelika, yamekuwa butu. Aliyezaliwa mtoni ana mapezi mapana, makali, yasiyo na kovu.

Kuvua kwenyewe ni kazi ya kunyemelea. Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akingoja chakula kiletwe na mkondo, kwa hiyo mfuate kutoka nyuma, ukipanda kijito. Tembea taratibu, maana kishindo cha mguu ukingoni humfikia. Piga magoti. Kivuli chako kisitangulie. Wengi huingia majini moja kwa moja, na kufanya hivyo huwatimua samaki wote wa shimo zima, yaani pale maji yanapokuwa na kina, kabla mshipi haujarushwa. Mahali pa kutupia ni pale mkondo wa kasi unapopakana na maji yaliyotulia, nyuma ya jiwe, chini ya ukingo uliochimbwa na maji, kwenye mizizi. Ufito mfupi unatosha, na chambo kiwe chepesi, kishuke na maji kama kitu kilichoanguka chenyewe. Asiponasa baada ya kutupa mara tatu au nne, sogea mbele.

Bana kile kijino cha ndoana kwa koleo kilale, uweze kumtoa samaki bila kumchana. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, maana ute ulio juu ya ngozi ndio kinga yake, na usimtoe majini ila kwa muda wa pumzi moja. Majani yanapopukutika, trauti wa vijito na wa kahawia hutaga. Ukiona kipande cha changarawe kilichosafishwa kikang'aa kuliko kinachokizunguka, hapo pana mayai. Usipakanyage. Na leseni hutolewa na kila jimbo peke yake, ya hapa haikufai ukivuka mpaka. Shamba likiwa la mtu, piga hodi kwanza.

Kinachonipa wasiwasi ni joto. Maji ya baridi hubeba oksijeni zaidi, na trauti wa vijito huanza kutaabika yakikaribia nyuzi 20 za Selsiasi. Vijito hivi vimefunikwa na miti ya hemloki, na miti hiyo inakauka kwa sababu ya mdudu mdogo aliyetoka Asia, anayejifunika nyuzi nyeupe kama pamba chini ya matawi. Mti ukifa, jua hupiga maji. Nimeona hemloki tatu zikiondoka hivyo juu ya shimo ninalolipenda. Sasa mfukoni nina kipimajoto, na hukitia majini kabla ya ndoana.

Mwezi Julai mwaka jana kilionyesha nyuzi 21 hata saa nne asubuhi haijafika. Nilikunja mshipi nikapanda na kijito mpaka inapoingilia chemchemi, chini ya hemloki ambazo bado ni nzima. Pale maji yalikuwa nyuzi 13. Walikuwa wamekusanyika saba au wanane, vichwa vyote vikielekea chemchemini, na kingo nyeupe za mapezi yao zilionekana wazi kutoka nilipopiga magoti. Nilikaa nao mpaka adhuhuri, ufito ukiwa umelala nyasini.