Goti la kulia: kwa miguu kutoka Arusha hadi Kilema

Ukitaka kujua barabara ya Arusha–Moshi ina miteremko mingapi, usimuulize dereva wa Haisi. Yeye anakanyaga breki, anaongeza sauti ya redio, maisha yanaendelea. Muulize mtu mwenye goti bovu. Mimi naweza kukuonyesha hata ile ambayo macho hayaioni, ya hatua chache tu kabla ya karavati, kwa sababu goti langu la kulia liliitambua yote kabla yangu.

Tulikuwa kikundi cha jumuiya: akina mama wengi, vijana wachache, na Katekista wetu, mzee wa umri wa kustaafu mwenye miguu ya mtoto wa sekondari. Tulikuwa tunakwenda hija Kilema, kule Vunjo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni miaka ya 1890. Arusha hadi Moshi mjini ni kilomita 80 hivi, halafu kuna kipande cha barabara ya Himo, halafu mlima wenyewe. Kule Hispania, wanaokwenda Santiago de Compostela hupewa cheti wakitimiza kwa miguu angalau kilomita 100 za mwisho. Sisi cheti hatuna. Tuna daftari la Katekista na macho ya wenzako, na hayo macho ndiyo makali zaidi.

Tulikusanyika alfajiri nje ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresia, tukasali, tukaondoka na baridi yetu. Hadi Tengeru nilikuwa mzima kabisa, naongoza nyimbo. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, ndizi zimepangwa hadi ukingoni mwa lami na kila mtu anauliza tunaandamana kudai nini. Ndani kidogo kutoka barabarani kuna makaburi ya Wapoland. Mwaka 1942 walifikia hapo wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, watu waliohamishiwa Siberia kwa nguvu, wakapitia Uajemi, wakaishia chini ya Mlima Meru. Katekista alitaka tuingie tukawaombee. Akina mama wakasema marehemu wanasikia hata tukiwa barabarani. Tukawaombea tukitembea.

Tatizo lilianza tulipoipita Usa River. Upande wa nje wa goti ukaanza kuchoma, si ndani, si kwenye pia ya goti, bali nje kabisa, kwenye kile kifupa kinachojitokeza. Nikisimama linatulia. Nikianza kutembea, baada ya dakika chache linarudi palepale. Kwenye kupanda, salama. Kwenye kushuka, kisu.

Nimelifikiria sana jambo hili na sasa nailaumu barabara. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo mtembea kwa miguu anayejipenda hupita kulia, ayaone yanayomjia. Lakini ukingo wa barabara umeinamishwa kuelekea mtaroni ili maji ya mvua yatoke. Maana yake mguu wa kulia unakanyaga chini kidogo kuliko wa kushoto, kutwa nzima. Kwa mtu anayekwenda dukani si kitu. Kwa mtu anayekwenda Moshi, ule uzi mpana unaoshuka ubavuni mwa paja hadi chini ya goti unavutwa na kusuguliwa kila hatua mpaka unakasirika.

Maji ya Chai nilifika nachechemea waziwazi. Jina la mahali linatokana na mto, ambao maji yake yana rangi ya chai, na eneo lote hili linajulikana kwa fluoridi inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru. Meno ya kahawia utayaona kwa watu wengi waliokulia hapa. Kwa wengine waliokunywa maji hayo miaka na miaka, mifupa nayo ilipinda. Bibi aliyekuwa amekaa na deli lake la barafu kando ya barabara alikuwa mmoja wao, miguu imepinda kwa nje kuanzia magotini.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mbona unachechemea na uwanja wa ndege wa KIA hamjauona?”

Nikamwonyesha pale panapouma. Hakupagusa. Aliniambia nitembee mbele yake mpaka kwenye nguzo ya umeme na kurudi, akanitazama hivi, akacheka.

“Unatupa mguu mbali kama askari wa gwaride. Fupisha. Mimi na hii miguu nimekwenda shamba, sokoni, kanisani, nimezaa watoto saba. Sijawahi kuwa na haraka ya kushuka.”

Akafungua deli, akanipa barafu mbili za ubuyu. Nikazifunga kwenye kanga, kwa sababu barafu ikigusa ngozi moja kwa moja inaunguza, nikaziweka juu ya goti kwa robo saa nikiwa nimenyoosha mguu kwenye benchi lake. Watoto walijaa wakinitazama. Maumivu yalipofifia na barafu ilipoanza kulainika, nikazila zote mbili. Bibi alikataa hela ya moja. “Hiyo ilikuwa dawa,” akasema, “hii nyingine ndiyo biashara.”

Usiku tulilala kwenye madarasa, mikeka sakafuni, miguu yote ikinuka dawa ya kuchua. Mjadala ukazuka. Mama mmoja, mtu mwema sana, akaniambia, “Mtolee Bwana, dada. Hija isiyouma si hija.” Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mimi kwenye hili nina msimamo. Maumivu yakinijia yenyewe nitayatolea, lakini kuyafuata kwa makusudi ili jumuiya inione, hapana. Kwenye Njia ya Msalaba Bwana anaanguka mara tatu, kituo cha 3, cha 7 na cha 9. Na hapo katikati, kituo cha 5, Simoni wa Kirene anambebea msalaba. Sijasoma Injili inayosema alimfukuza Simoni. Katekista alikohoa, akasema tuzime taa.

Mama yuleyule mwema ndiye aliyenipa kidonge cha diklofenaki kutoka kwenye pochi yake. Nilikimeza baada ya kula, kwa kuwa kidonge hicho na tumbo tupu havipatani, na nilikimeza usiku ili nilale. Asubuhi nilikataa kingine. Ukimeza ili utembee, hulitibu goti, unaliziba mdomo tu, halafu unalitwisha kilomita nyingine 20 likiwa haliwezi kukwambia kitu.

Kilichonisaidia zaidi kilitoka kwenye kazi yangu. Mimi ni fundi cherehani. Bandeji tuliyokuwa nayo kwenye sanduku la huduma ya kwanza ilikuwa imechakaa, haina mvutano tena. Nikaomba kitenge cha zamani na mkasi. Kitambaa kilichofumwa, ukikikata kufuata uzi, hakivutiki. Kinafunga kikavu na kukata damu. Ukikikata mshazari, kona kwa kona, kinanyumbuka na kurudi. Nikakata ukanda wa upana wa vidole vinne, nikauzungusha kwa umbo la nane, juu ya goti, chini ya goti, mkunjo ukipita nyuma, pia ya goti nikaiacha wazi ili iweze kucheza. Halafu nikabonyeza kucha ya kidole gumba cha mguu kuona kama damu inarudi. Ilirudi. Kufikia saa mbili asubuhi nilikuwa nimewafunga watu wengine watatu, mmoja hana hata maumivu, ameyapenda maua ya kitenge tu.

Kipande kinachofuata hakina mengi ya kusimulia. Ukishaipita Kikatiti miti inapungua, kijani cha Meru kinabaki nyuma, jua linakuwa jua. Vumbi, mbuzi, malori. Karibu na njia panda ya KIA ndege ilipita juu yetu ikiwa imeshatoa magurudumu, na kijana mmoja akasema kwa uchungu kwamba waliomo wametoka Ulaya baada yetu. Kilimanjaro ilikuwa imejifunika mawingu siku nzima.

Hapo nilinunua fimbo kwa kijana wa Kimasai, na hapo tukagombana na Katekista. Yeye alitaka niishike mkono wa kulia, upande wa goti bovu, kwa kuwa ndiko kwenye shida. Nilijaribu vyote viwili kwa kweli. Ukiishika upande wa ugonjwa unauegemeza mwili kulekule kwenye ugonjwa. Ukiishika kushoto, ikatua ardhini pamoja na mguu wa kulia, uzito unagawanyika na nyonga inatulia. Mzee akasema babu yake hakuwa akifanya hivyo. Nikamwambia, “Shikamoo yake, lakini goti ni langu.”

Kisha ikaja Kikafu.

Baada ya Boma Ng'ombe, barabara inafika mahali inashuka kwa kona hadi daraja la mto Kikafu, halafu inapanda upande wa pili. Kwa gari ni dakika. Nilisimama juu nikautazama ule mteremko, malori yanashuka yakinguruma kwa gia ndogo, ukingo wa kukanyaga mwembamba. Nikajiuliza swali moja tu: lori likija vibaya, nitaruka? Jibu lilikuwa hapana. Mtu asiyeweza kuruka hana kazi na kona ile. Nikaita bodaboda.

“Mpaka wapi mama?”

“Mpaka darajani.”

“Na kule kupanda?”

“Napanda mwenyewe kwa miguu.”

Kijana akazima pikipiki, akanitazama vizuri. “Mama, watu wote wananiita kwenye mlima. Wewe ndiye wa kwanza kuniita kwenye mteremko.” Alinishusha taratibu, na kwa heshima ya hija akataka nusu nauli. Upande wa pili nilipanda bila shida yoyote, nikawasubiri wenzangu juu nikila muwa. Katekista alipofika alitoa daftari, akaandika mbele yangu, akanisomea: “Fundi. Kikafu. Bodaboda.” Bila maoni. Yule mama mwema hakusema neno mpaka Weruweru, ambako alikubali kwamba hata yeye vidole vya miguu vilimuumia kwenye mteremko ule, akaniuliza ile pikipiki ilikuwa shilingi ngapi.

Moshi tulipokelewa na familia karibu na mjini, tukapewa mtori na maji ya moto. Kijana wao alikuwa anasoma pale hospitali ya KCMC, kwenye chuo cha TATCOT, kinachofundisha tangu 1981 mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Akaniomba nilale kwenye kochi. Aliukunja mguu wangu, akabonyeza ubavuni mwa goti, kisha akaunyoosha polepole huku kidole kikiwa palepale. Ulipokaribia kunyooka, nikapiga kelele. “Hapo,” akasema, ameridhika kabisa, nikataka kumpiga.

Maswali yake yalikuwa mafupi. Goti limewahi kujifunga likakataa kukunjuka? Limewahi kukuachia ghafla ukataka kuanguka? Lilivimba siku ileile lilipoanza kuuma? Yote hapana. Ningejibu ndiyo hata kwa moja, alisema, hija yangu ingeishia hospitali. Lakini huu ni ule uzi wa pembeni, umesuguliwa, na misuli ya nyonga haina nguvu ya kutosha kuutunza mguu usiyumbe. “Kazi ya kukaa, dada?” Nikamwambia cherehani, miaka mingi. Akatikisa kichwa. Alinionyesha pia ngazi: kupanda, tanguliza mguu mzima, kushuka, tanguliza mbovu pamoja na fimbo. Nilifanya mazoezi kwenye vingazi vya nyumba yao mpaka mbwa akachoka kubweka.

Tulipumzika, tukasali Kristo Mfalme, tukaendelea upande wa Himo. Nilibadilisha upande wa barabara pale palipokuwa na njia ya vumbi pembeni iliyo tambarare, mbali na magari, na goti likanishukuru. Tulipoiacha barabara kuu na kuanza kupanda kuelekea Kilema, mambo yakageuka. Wale waliokuwa wananisubiri tangu Usa River sasa walikuwa wanahema nyuma yangu. Migomba pande zote, kivuli, maji yanatiririka kwenye mifongo, ile mifereji ya Wachaga, na chini ya migomba mikahawa. Kahawa ya Kilimanjaro ilianzia kwenye misheni hii, wamisionari waliipanda hapa mwaka 1898. Niliyaeleza haya kwa sauti kubwa njia nzima, kwa kuwa nilikuwa peke yangu mwenye pumzi ya kuongea. Kwenye daftari hayakuandikwa.

Kanisani wenzangu wote walipiga magoti. Mimi nilitangulia kuwaza mlima, jua, malori, malengelenge. Hilo la kupiga magoti sikuwa nimeliwaza kabisa. Nilijaribu la kushoto kwanza, la kulia likagoma nusu njia, nikabaki nimening'inia nimeshika benchi la mbele. Mama mzee wa pale parokiani akanivuta kanga. “Kaa, mwanangu. Umekuja na miguu, inatosha.” Nikakaa. Nilisali nimekaa, mguu umenyooshwa kwenye njia ya katikati, watu wanauruka wakienda kukomunika.

Nyumbani tulirudi kwa Haisi. Nilidai kiti cha pembeni ili ninyooshe goti, konda akalalamika kwamba naziba mlango, na tulipofika Kikafu gari zima likageuka kunitazama. Tangu hapo nafanya mazoezi ya nyonga jioni, nalala ubavu, nanyanyua mguu, wanangu wanahesabu na kuniibia namba. Ngazi nashuka bila kushika ukuta. Kupiga magoti bado. Katekista ameshaanza kuandikisha majina ya mwakani, nami nimemwambia aniandike, na aandike kabisa na ile pikipiki, maana namba ya simu ya yule kijana ninayo.