Sabini na nne

Namba ya kwanza kuonekana kwenye kipimo cha oksijeni ya damu ilikuwa asilimia 74, na mimi sikuiamini.

Alikuwa kulungu dume. Nasema kulungu kwa kukosa neno jingine. Namaanisha wale wa nchi za baridi, wenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka. Tulimpiga kishale chenye dawa za usingizi, medetomidini na ketamini, ili tumvishe kola ya redio. Alitimka, akapotelea mitini, na baada ya dakika 12 tukamkuta amelala ubavu kwenye mteremko, kichwa kikiwa upande wa chini kuliko tumbo. Hapo kulikuwa na jambo moja la kufanya kabla ya mengine yote. Sikulifanya. Nilimpaka dawa ya macho, nikamfunga kitambaa, nikambana kibanio cha kipimo ulimini, kisha nikaanza kubishana na mashine.

Ubishi wangu haukuwa wa kipumbavu kabisa. Medetomidini hubana mishipa midogo ya damu, na ulimi ukikauka kibanio huweza kusoma uongo. Basi nikaulowesha ulimi, nikakihamisha, nikakirudisha. 73. 76. 74. Mapigo ya moyo kwenye kioo yalilingana na yale niliyoyasikia kwa stethoskopu, ishara kwamba mashine ilikuwa inashika vizuri. Hata hilo halikunizindua.

"Mwanangu," akasema mzee aliyeshika pembe, "hebu niambie, ulimi wenyewe una rangi gani?"

Ulikuwa wa kijivu kilichoingia ubuluu, kama maziwa yaliyodondokewa wino.

Chini ya 90 tayari ni shida, na sababu zake nilikuwa nazo kichwani tangu chuoni. Dawa hupunguza pumzi. Mnyama anayecheua akilala ubavu, lile tumbo kubwa hujaa gesi na kuegemea mapafu. Pafu la chini hupata damu lakini hewa haliipati vya kutosha. Na huyu wetu mteremko ulikuwa umemsukumia tumbo lote kifuani.

Tukamgeuza watu wanne, akakalia kifua, kichwa upande wa juu wa mteremko, shingo imenyooka, pua ikielekea chini ili mate yatoke nje. Namba ikapanda hadi 82 bila dawa yoyote. Nikafungua mkoba wa oksijeni: mtungi upo, mpira upo, spana ya kufungulia mtungi haipo. Sijawahi kukimbia vile. Niliikuta garini chini ya kiti, pamoja na kifuniko cha chupa ya chai.

Niliporudi nilipima mpira kutoka tunduni mwa pua hadi pembe ya ndani ya jicho, nikatia alama kwa plasta, nikaupaka jeli na kuupitisha polepole. Lita 2 kwa dakika. 86. 91. 95. Ulimi ukaanza kurudia uwaridi wake kuanzia kwenye shina. Joto lilikuwa 40.3, nalo mwili ukichemka hula oksijeni zaidi, kwa hiyo tukammwagia maji mapajani. Vipimo vingine nikavifuta: kola, damu kidogo, basi.

Atipamezoli, dawa ya kuitangua medetomidini, sikuharakisha kumchoma. Ketamini ikiwa bado kali, mnyama huamka amekakamaa. Tulikaa naye kimya, mpira ukinong'ona puani. Sindano ilipoingia pajani nikauchomoa mpira. Masikio ndiyo yaliyoanza kucheza. Akasimama, akayumba, akajinusa ubavu, akaenda zake kwa mwendo wa kawaida.

Ikabaki fomu, ambayo ina safu ya saa. Namba ya kwanza, saa 1:42 asubuhi. Kugeuzwa, saa 1:48. Mzee aliisoma kuanzia juu hadi chini, akanirudishia kalamu, akaenda kukunja turubai.